Mapato ya Mpaka na Madeni ya Wengine

Mji unapotaka kukopa kutoka kwa umma kwa kuuza hatifungani, yupo mtu ambaye neno lake hutangulia la benki na la mnunuzi. Huyo ni wakili wa hatifungani. Hakuitwa kuusifu mji wala kutabiri kama utanawiri. Ameitwa kujibu maswali matatu na kutia saini chini ya majibu yake. Je, sheria imeupa mji huu uwezo wa kukopa? Je, taratibu zote zimefuatwa? Na je, mapato yanayowekwa dhamana ni ya mji wenyewe, au kuna mamlaka nyingine inayoweza kuyachukua kesho? Ni maswali makavu, lakini yakielekezwa kwenye historia ya Busia na Malaba, miji miwili ya Kenya inayopakana na Uganda, yanafunua jambo ambalo masimulizi ya kawaida ya mpaka hulipita. Shehena ya nusu ya Afrika Mashariki imepita hapa kwa miongo mingi: mafuta, saruji, mahindi, kahawa, nguo za mitumba. Hata hivyo hakuna soko, mfereji wala taa ya barabarani iliyojengwa kwa mkopo ambao miji hii iliuchukua kutoka kwa umma kwa jina lake. Tumezoea kueleza hali hiyo kwa umaskini, magendo au ufisadi. Mimi nadai kwamba sababu kubwa ni ya kisheria na ni kongwe kuliko hizo zote: tangu reli ilipofika, thamani inayopita mpakani imekuwa ikiwekwa rehani kwa madeni ya wengine, na kilichobakia mikononi mwa wenyeji hakijawahi kuwa kitu ambacho wakili makini angeweza kukitolea saini.

Inafaa kwanza kueleza taaluma yenyewe ilikotoka, maana haikuzaliwa na hekima bali na hasara. Katikati ya karne ya 19 miji ya Marekani ilishindana kuvuta reli ipite kwao, na mingi ikauza hatifungani ili kuzisaidia kampuni za reli. Baadhi ya reli hizo hazikufika, nyingine zilifilisika, na wakazi waliotakiwa kulipa walikwenda mahakamani kudai kwamba mji wao haukuwahi kuwa na mamlaka ya kukopa. Katika kesi ya Gelpcke dhidi ya mji wa Dubuque, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1864, mahakama ya jimbo la Iowa ilikuwa imekubali hatifungani za namna hiyo, kisha ikageuza msimamo baada ya wawekezaji kutoa pesa zao; Mahakama ya Juu ikawalinda wawekezaji. Jaji John F. Dillon wa Iowa, aliyeziona kesi hizo kwa karibu, aliandika kitabu kikubwa kuhusu sheria ya miji mwaka 1872 na kingine kuhusu hatifungani za miji mwaka 1876, akisisitiza kwamba mji una mamlaka yale tu uliyopewa na sheria. Tangu hapo wanunuzi wakawa hawagusi hatifungani isiyo na waraka wa maoni ya wakili. Mawakili hao leo wana chama chao, National Association of Bond Lawyers, kilichoundwa mwaka 1979, na hukutana kila mwaka kwa siku kadhaa kuchambua vifungu, kodi na namna ya kuandika maoni yao. Asiye wa fani anaweza kuona mikutano hiyo inachosha. Lakini ndimo kanuni za imani kati ya mji na mkopeshaji zinamofinyangwa, na nchi isiyo na mahali pa mjadala wa aina hiyo hujikuta ikibuni kanuni hizo upya kila mara mji unapotaka kukopa.

Sasa turudi mpakani. Mwaka 1902 Uingereza ililihamisha Jimbo la Mashariki la Uganda na kuliweka chini ya Himaya ya Afrika Mashariki, nchi ambayo baadaye ingekuwa Kenya, na mwaka 1926 amri ya mfalme ikaueleza mpaka kwa maandishi, ukifuata mito na vilele. Wasamia na Wateso walijikuta pande mbili. Katika kipindi hichohicho reli ilikuwa ikisogea. Njia ya Nakuru kwenda Eldoret ilifika uwanda wa Uasin Gishu mwaka 1924, ikasonga hadi Malaba na kuvuka kwenda Tororo, na hatimaye Kampala mwaka 1931. Pesa za kuanzia zilikopwa. Mwaka 1921 Kenya iliuza hatifungani za pauni milioni 5 mjini London, na sehemu ya fedha hizo ilijenga njia ya Uasin Gishu. Wanunuzi wa London walikuwa tayari kwa sababu Sheria ya Hatifungani za Makoloni ya mwaka 1900 iliwaruhusu wadhamini wa mali za watu wengine kununua hati hizo bila kuvunja sheria, nao mawakili walikuwa wamepanga kila kitu: nani ana mamlaka, daftari liko wapi, mfuko wa kulipia deni utawekwaje. Dhamana ilikuwa mapato na mali yote ya koloni. Maneno hayo machache yalibeba mengi. Ndani ya mapato yote ya koloni mlikuwamo kodi ya nyumba iliyolipwa na Wamarachi, Wakhayo, Wasamia na Wateso, watu ambao hawakuwa na hata mwakilishi mmoja waliyemchagua katika baraza la kutunga sheria. Deni la kwanza kubwa lililoufikisha ulimwengu wa biashara Malaba liliandikwa juu ya jasho la wenyeji, na haki zake zote ziliandikwa kwa ajili ya wengine.

Mtu anaweza kudhani kwamba mpaka uliofunguliwa kwa reli ulianza mara moja kuingiza ushuru wa forodha. Haikuwa hivyo. Forodha za Kenya na Uganda ziliunganishwa mwaka 1917, na Tanganyika ikajiunga katika miaka ya 1920. Bidhaa ikishalipiwa Mombasa ilisafiri hadi Kampala bila kusimamishwa na ofisa wa forodha njiani. Pesa ziligawanywa kati ya serikali kwa hesabu za vitabu kulingana na bidhaa zilikotumika, na baada ya Tume ya Raisman ya mwaka 1961 ukaundwa mfuko wa pamoja uliopokea asilimia 6 ya forodha na ushuru wa bidhaa pamoja na asilimia 40 ya kodi ya mapato ya makampuni. Mjadala huo ulikuwa mkali: Uganda na Tanganyika zililalamika kwamba Nairobi inanufaika kupita kiasi, na wanauchumi walijaza kurasa kwa hoja zao. Hata hivyo katika mjadala wote mpokeaji alikuwa nchi nzima. Hakuna fomula iliyouliza mji uliobeba uzito wa njia ulistahili nini. Busia ya miaka hiyo ilikuwa senta ndogo ya biashara na Malaba kituo cha reli, na mbele ya hesabu za forodha zilikuwa kama hazipo.

Zilikuwapo, hata hivyo, taasisi za wenyeji, na ni kosa kuzisahau. Mabaraza ya Wenyeji yaliundwa kwa sheria ya mwaka 1924, na lile la Kavirondo Kaskazini, lenye makao Kakamega, lilipata uwezo wa kutoza kodi yake ndogo juu ya ile ya serikali. Wananchi walilipa, na walilipa hasa kwa ajili ya elimu. Shauku ya shule katika nchi ya Waluhya na Wateso ilikuwa kubwa kuliko serikali ilivyokuwa tayari kuikidhi. Hapa tunaona mapato ya kweli ya mahali, yaliyokubaliwa na watu na kutumika kwa kazi inayoonekana. Lakini kila uamuzi wa fedha ulisubiri idhini ya mkuu wa wilaya na ya wakubwa wake. Mwaka 1950 mabaraza hayo yaligeuzwa kuwa Halmashauri za Wilaya za Waafrika, eneo la mpakani likaingia katika wilaya ya Elgon Nyanza, na mwaka 1963 Busia ikawa wilaya ndani ya Mkoa wa Magharibi. Halmashauri ya Kaunti ya Busia ya wakati wa uhuru ilirithi majukumu mazito: shule za msingi, zahanati, barabara za vijijini, na kodi ya watu binafsi iliyopandishwa kwa kipato. Kwa miaka michache ilikuwa na kitu kinachofanana na msingi wa mapato. Kisha ikaja Sheria ya Uhamishaji wa Majukumu ya mwaka 1969. Kuanzia 1970 elimu, afya na barabara zilichukuliwa na serikali kuu, na kodi ile ikaondoka nazo, kisha ikafutwa kabisa katika miaka ya mwanzo ya 1970. Ni kweli kwamba halmashauri nyingi zilikuwa zimelemewa na mishahara ya walimu. Lakini dawa iliyotolewa haikumpunguzia mgonjwa mzigo tu. Ilimwondolea pia chakula.

Wakati huohuo mpaka ulikuwa unageuka. Mkataba wa Ushirikiano wa Afrika Mashariki wa 1967 uliruhusu nchi kutozana kodi ya uhamisho kwa bidhaa za viwandani za jirani, na hapo ndipo haja ya kukagua mizigo mpakani ilipoanza kukua. Kisha Idi Amin akatwaa madaraka nchini Uganda, mnamo Februari 1976 akadai sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya, na mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyoundwa na mkataba huo ikavunjika. Miaka hiyohiyo bei ya kahawa duniani ilipanda kwa kasi huku wakulima wa Uganda wakilipwa na bodi ya serikali bei ya chini kwa shilingi isiyo na thamani. Kahawa ikavuka kwa njia za panya, kwa mitumbwi, kwa baiskeli na kwa malori, na soko la Chepkube, kaskazini katika miteremko ya Mlima Elgon, likawa jina la utajiri wa ghafla. Busia na Malaba zilikua kwa kasi katika kipindi hicho. Ndiyo maana nasema miji hii, kama tunavyoifahamu leo, ni zao la kuvunjika kwa umoja wa forodha kuliko la kujengwa kwake. Biashara kubwa kuliko zote katika historia yake ilipita bila risiti, na ile yenye risiti ilikuwa ya Idara ya Forodha, yaani ya Hazina ya Nairobi. Halmashauri ilibaki na ushuru wa soko, leseni na ada ya maegesho.

Sheria ya Serikali za Mitaa, Sura ya 265, iliipa halmashauri uwezo wa kukopa, lakini kwa idhini ya Waziri. Swali la kwanza la wakili lingejibiwa ndiyo, lenye kamba shingoni. Ilikuwapo pia Mamlaka ya Mikopo ya Serikali za Mitaa, iliyorithiwa kutoka enzi za ukoloni, iliyokusudiwa kukopesha halmashauri ambazo zisingeweza kwenda sokoni zenyewe. Halmashauri nyingi zikashindwa kulipa, Mamlaka ikakosa cha kukopesha, na mlango ukafungwa. Mwaka 1988 Bunge likapitisha sheria ya ada ya huduma iliyokatwa kwa wafanyakazi na wafanyabiashara, chanzo kizuri kuliko vyote tangu 1969. Kikafutwa baada ya mwongo mmoja hivi na mahali pake pakachukuliwa na LATF, mfuko wa ruzuku uliopewa asilimia 5 ya kodi ya mapato ya kitaifa chini ya sheria ya mwaka 1998. Ruzuku hiyo iliziokoa Halmashauri ya Manispaa ya Busia, ya Mji wa Malaba na nyinginezo zisizame. Hata hivyo tazama mpangilio: kodi ya watu binafsi imetolewa na kuondolewa, ada ya huduma imetolewa na kuondolewa, kisha ruzuku ikaletwa kwa fomula ya serikali kuu. Ndani ya miaka 30 kila chanzo kikubwa cha mapato kiliumbwa na kufutwa kwa uamuzi wa Nairobi. Mwekezaji anayetaka kulipwa kwa miaka 10 au 15 hahitaji kuwa na chuki na Busia ili akatae. Anahitaji tu kusoma sheria.

Katiba ya 2010 ilibadilisha mengi, na si haki kusema ugatuzi ni jina jipya la jambo lilelile. Busia ni kaunti yenye gavana na bunge lake, na inapata mgao ambao Katiba yenyewe inaulinda: si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa lazima iende kwa kaunti zote kwa pamoja. Lakini vifungu vya fedha vinabeba kumbukumbu ya zamani. Kifungu cha 209 kinaiachia serikali ya kitaifa peke yake kodi ya mapato, kodi ya ongezeko la thamani, forodha na ushuru wa bidhaa. Kaunti inapewa kodi ya ardhi na majengo, kodi ya burudani na ada za huduma, kwa sharti kwamba isitumie uwezo huo kudhuru sera za uchumi wa taifa, shughuli zinazovuka mipaka ya kaunti, au mwendo wa bidhaa na watu nchini. Kifungu cha 212 kinaruhusu kaunti kukopa iwapo tu serikali ya kitaifa itadhamini na bunge la kaunti litaidhinisha. Juu yake kanuni za usimamizi wa fedha za umma za mwaka 2015 ziliweka ukomo wa deni la kaunti katika asilimia 20 ya mapato yake. Kwa Nakuru au Kiambu, zenye ardhi ya thamani na viwanda, mpangilio huu unaacha nafasi. Kwa kaunti ambayo utajiri wake wote uko katika mwendo wa bidhaa, sharti la kutodhuru mwendo wa bidhaa linagusa moyo wa jambo.

Hapa ndipo penye fundo lenyewe. Kwa miongo mingi, mapato ya kuaminika ya mamlaka za mitaa mpakani yalitoka kwa malori yanayosubiri. Lori likikaa siku tatu Malaba, dereva alilipia maegesho, alikula, alilala, alinunua sabuni na vocha. Mwenye gesti alilipia leseni, mama wa chakula alilipia ushuru wa soko. Kuchelewa kulikuwa ndiyo bidhaa ya mji. Mwaka 2014 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyokuwa imefufuliwa, zilianza kutekeleza himaya moja ya forodha, ambapo ushuru wa mzigo wa Kampala unalipwa na hati zake kukamilishwa mzigo ungali Mombasa. Kisha vikaja vituo vya huduma kwa pamoja, ambapo maofisa wa nchi mbili hukaa chini ya paa moja ili gari lisimame mara moja tu; cha Busia kilizinduliwa rasmi na marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni tarehe 24 Februari 2018. Kwa taifa na kwa kanda nzima hii ni faida isiyo na ubishi. Kwa mji wa mpakani, kila saa inayookolewa ni ada inayopotea. Fikiria wakili aliyeletewa hatifungani iliyodhaminiwa na ada za yadi ya malori ya Malaba. Anasoma mikataba ya Jumuiya, anaona serikali mbili zimeahidi kuyaondoa malori haraka iwezekanavyo, na hapohapo anajua kwamba dhamana aliyoletewa inapingana na ahadi ya serikali inayotakiwa kuwa mdhamini. Wizi hauhitajiki ili hatifungani hiyo ife. Sera njema inatosha.

Wapo watakaosema kwamba wizi upo, na kwamba mimi naufunika kwa maneno ya sheria. Wana hoja. Ripoti za Mkaguzi Mkuu kuhusu halmashauri za zamani na kuhusu kaunti za leo zimejaa mapato yaliyokusanywa bila kufika benki, na mfanyabiashara yeyote wa mpakani anajua risiti isiyoandikwa ni nini. Lakini uvujaji na muundo hulishana. Ada ndogo ndogo zinazokusanywa kwa mkono, kwa maelfu ya watu, kila siku, ni vigumu kuzikagua popote duniani. Forodha, inayokusanywa katika sehemu chache kwa hati na kompyuta, ni rahisi zaidi. Sheria iliwapa wenyeji aina ya mapato inayovuja zaidi na kuipa serikali kuu aina inayofungika vizuri, kisha tukalinganisha uadilifu wao. Isitoshe, historia ya hatifungani yenyewe inaonyesha kwamba nidhamu ya hesabu mara nyingi hufuata mkopo badala ya kuutangulia. Miji ya Marekani haikuwa misafi ilipoanza kukopa. Ilisafishwa kwa sehemu na wakopeshaji waliodai mapato fulani yatengwe, yawekwe katika akaunti ya peke yake na yakaguliwe hadharani. Mahali ambapo hakuna mkopeshaji mwenye haki ya kuuliza, mwananchi ndiye pekee anayebaki kuuliza, naye hana stakabadhi ya kumlazimisha mtu ajibu.

Pingamizi la pili ni zito kuliko la kwanza: pengine ni heri Busia haikukopa. Mamlaka ya Mikopo iliporomoka kwa sababu halmashauri hazikulipa. Nchini Uingereza, ambako sheria zetu za mitaa zilitoka, majaji wa Baraza la Malodi waliamua mwaka 1991 katika kesi ya halmashauri ya Hammersmith na Fulham kwamba mikataba ya kubadilishana riba iliyoingiwa na halmashauri ilikuwa batili tangu mwanzo kwa kukosa mamlaka, na mabenki yakapata hasara kubwa. Deni ni jambo la kuogopwa, nakubali. Lakini tusijidanganye kwamba kaunti zetu hazina deni. Zinakopa kila mwaka kutoka kwa wakandarasi, wauzaji wa dawa na wenye magari ya kukodi ambao hawajalipwa, na madeni hayo ya muda mrefu, ambayo kila serikali mpya ya kaunti huyapokea na kuyahakiki upya, ni mkopo kamili isipokuwa hauna riba iliyokubaliwa, hauna tarehe ya kulipwa na hakuna bunge lililouidhinisha. Mkopeshaji wake ni mtu mdogo asiye na wakili. Tofauti kati ya deni hilo na hatifungani ni kwamba moja linapitia maswali yale matatu na lingine linayakwepa. Anayeogopa deni angepaswa kuliogopa zaidi lile lisiloulizwa chochote.

Tena, si kweli kwamba jambo hili haliwezekani katika nchi zetu. Tume ya Ugavi wa Mapato ya Kenya iliendesha mpango wa kupima kaunti kama zinastahili kukopeshwa, na miongoni mwa zilizopimwa na kampuni ya ukadiriaji ni Kisumu, Makueni na Bungoma, hii ya mwisho ikiwa jirani wa mlango kwa mlango wa Busia. Laikipia ilifika mbali zaidi na maandalizi ya hatifungani ya zaidi ya shilingi bilioni moja, ingawa haikuuzwa. Ilikwama katika siasa za mabadiliko ya uongozi, jambo ambalo lenyewe ni somo kuhusu swali la pili, la taratibu. Upande wa Tanzania mafanikio yamekwisha kuonekana. Mwanzoni mwa mwaka 2024 Mamlaka ya Maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani ya miaka 10 yenye riba ya asilimia 13.5, ikitafuta shilingi za Tanzania bilioni 53.12, na wawekezaji wakatoa zaidi ya kilichoombwa. Kilichoiwezesha Tanga ni kwamba bili za maji ni zake: mtu anafungua bomba, mita inahesabu, na hakuna wizara inayotazamiwa kuja kuufuta msingi huo. Kwa ukubwa Tanga ni jiji na Busia ni mji mdogo, lakini tofauti iliyo na uzito mbele ya wakili ni ya nani mwenye mapato.

Wakati huohuo serikali ya kitaifa imeendelea kufanya kile kilichofanywa na koloni mwaka 1921. Mwaka 2013 ilianzisha tozo ya maendeleo ya reli ya asilimia 1.5 kwa bidhaa zinazoingizwa nchini, ili kusaidia kulipia reli mpya iliyojengwa kwa mikopo ya China. Reli hiyo kwenye ramani ilikuwa ifike Malaba, lakini mwaka 2019 iliishia karibu na Naivasha. Mwaka 2025 serikali hiyohiyo iliuza kwa wawekezaji haki ya kupokea shilingi 7 katika kila lita ya mafuta kutoka tozo ya matengenezo ya barabara, ikapata mabilioni ya kuwalipa wakandarasi. Dereva anayejaza dizeli Malaba anachangia dhamana hiyo. Kwa hiyo mapato ya njia hii yanakopeka, na mawakili wenye ujuzi wa kuyafunga katika hati wapo Nairobi. Hata lami na mitaro ambayo manispaa ya Busia ilipata kupitia mpango wa kusaidia miji uliofadhiliwa na Benki ya Dunia ilitokana na mkopo uliochukuliwa na taifa na kushushwa kwa mji kama ruzuku. Mji umejengwa kwa deni ambalo haukulijadili.

Kongamano la Ugatuzi, lililoanza Kwale mwaka 2014 na kufika hadi Kakamega mwaka 2018, limekuwa uwanja wa kisiasa ambapo magavana hudai mgao mkubwa zaidi na mawaziri hujibu kwamba hazina haina kitu. Mgao ni muhimu, lakini hauwezi kuwekwa dhamana kwa urahisi, kwa kuwa kiasi chake hubishaniwa upya kila mwaka Bungeni. Tangu Sheria ya Ofisi ya Wakili wa Kaunti ya mwaka 2020 kila kaunti inatakiwa kuwa na wakili wake mkuu kwa mujibu wa sheria. Kwa mara ya kwanza tangu mabaraza ya 1924 Busia ina mtu ambaye kazi yake rasmi ni kuuliza kwa niaba ya wenyeji yale ambayo London iliuliza kwa niaba ya wanunuzi wa 1921. Mawakili hawa wa kaunti 47 wanahitaji mkutano wao wenyewe, wa fani, usio na hotuba za uzinduzi, wa kukaa na vifungu na kubishana mpaka vieleweke. Wa Busia, Bungoma, Taita Taveta, Kajiado na Migori, kaunti za mipakani, wangekuwa na ajenda ya pamoja.

Ajenda hiyo inaweza kuanzia kifungu kilekile cha 209, aya ya 3, kinachoiruhusu kaunti kutoza kodi nyingine yoyote itakayoidhinishwa na sheria ya Bunge. Maneno hayo hayahitaji kura ya maoni wala marekebisho ya Katiba. Kikwazo kiko kwingine: Itifaki ya Umoja wa Forodha iliyotiwa saini mwaka 2004 inakataza tozo zenye athari sawa na ushuru kwa bidhaa zinazovuka kati ya nchi wanachama, kwa hiyo ada ya kumlipisha mwenye lori kwa kupita tu itaanguka mahakamani, na inastahili kuanguka. Inayoweza kusimama ni ada ya huduma iliyotolewa kweli, au sehemu iliyotajwa kisheria ya ada ambazo serikali ya kitaifa tayari inakusanya kituoni. Huduma hizo si za kubuni. Malori huharibu barabara za kaunti yanapokwepa foleni; madereva hutumia maji, vyoo na hospitali; na mwaka 2020, wakati wa vipimo vya korona, foleni ya Malaba ilipofika makumi ya kilomita, watu hao walihitaji maji na usafi kutoka kwa mji. Gharama zake zinahesabika: lita za maji, tani za taka, vitanda vya wagonjwa, kilomita za lami. Hesabu hiyo ndiyo ingekuwa ukurasa wa kwanza wa hati ambayo wakili wa kaunti angeandika, na mstari wa kwanza wa ukurasa huo ungetaja akaunti ambayo Hazina haiwezi kuigusa kabla ya wenye hatifungani kulipwa.